Hata Maabarani Mkono Mtupu Haulambwi

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Aghalabu methali hii huisikia tunapozungumza habari za posa, za siasa, au za mgeni aliyekuja kututembelea bila ya kubeba chochote. Leo nakusudia kuipeleka mahali ambapo haijazoea kufikishwa, nako ni kwenye mashamba na maabara za utafiti wa mimea. Swali langu ni hili: mataifa yanapochanga fedha na maarifa ili kuzichunguza siri za uhai wa mimea, sisi Wakenya huketi upande gani wa meza, na mkononi huwa tumeshika nini?

Sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Msomaji anayetoka mjini Eldoret kwa barabara ya kwenda Ziwa, akiisha kusafiri kilomita zipatazo tisa, hukifikia Chuo Kikuu cha Eldoret. Mahali hapo pana historia inayofaa kuzingatiwa na kila mwalimu. Walowezi walipaanzisha mwaka 1946 pawe kituo cha kuwafunza wakulima wa mashamba makubwa. Mwaka 1984 pakageuzwa kuwa chuo cha walimu. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Moi kikapachukua na kupaita Bewa la Chepkoilel, na mnamo Februari 2013 pakapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Mkulima, mwalimu na mtafiti wote wamepita katika uwanja huo mmoja. Tena ni katika uwanja huo ambapo mbegu za ngano kutoka nchi nyingine zilipandwa ili zipambane na ugonjwa uliokuwa ukiutisha ulimwengu mzima.

Ugonjwa wenyewe ni kutu ya shina la ngano. Hii si kutu ya chuma, bali ni kuvu, jamaa wa mbali wa ule ukungu unaoota juu ya mkate uliolala. Huzaana kwa vumbi jepesi ambalo wanasayansi huliita spora, na vumbi hilo hupeperushwa na upepo mamia ya kilomita. Likitua juu ya ngano na kupata umande, humea, hupenya ndani ya shina na kuanza kuinyonya mimea chakula chake. Baada ya siku chache shina hutokwa na vipele vyenye rangi ya matofali. Punje husinyaa, shina hukatika, na shamba lililokuwa likimeta kama dhahabu hugeuka jeusi wiki chache kabla ya mavuno. Mkulima asiye na uwezo wa kununua dawa huweza kupoteza kila kitu.

Nchi hii imeijua kutu tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, mlowezi Lord Delamere alipojaribu kupanda ngano kule Njoro, kutu iliyateketeza mazao yake, naye akalazimika kumwajiri mtaalamu kwa fedha zake mwenyewe ili atafute mbegu ya kuistahimili. Mwaka 1927 kikaanzishwa hapo hapo Njoro kituo cha kuzalisha mbegu bora za ngano. Kituo hicho kimebadilishwa jina na wasimamizi mara kadhaa, na leo kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo Nchini, KALRO, lakini kazi yake ya tangu awali ingali ni ile ile.

Katika nusu ya pili ya karne iliyopita, ulimwengu ulidhani umeishinda kutu. Ngano nyingi zilizopandwa katika mabara mbalimbali zilikuwa na kinga iliyotokana na jeni iitwayo Sr31, ambayo wazalishaji wa mbegu waliihamisha kutoka kwa nafaka ya Ulaya inayoitwa rai. Jeni, kwa mwanafunzi ambaye hajafika darasa hilo, ni kipande cha maagizo ya urithi ambayo kila kiumbe hupokea kutoka kwa wazazi wake. Jumla ya maagizo hayo yote ndiyo jenomu. Basi dunia ikalala usingizi ikiitegemea kinga moja.

Mwaka 1998, katika kituo cha utafiti cha Kalengyere kilichoko nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda, mtafiti William Wagoire aliiona ngano yenye kinga hiyo ikiwa imeshikwa na kutu. Sampuli zilipochunguzwa nchini Afrika Kusini, ilithibitika kwamba hiyo ilikuwa kutu ya aina mpya, nayo ikaja kujulikana kama Ug99, yaani Uganda 1999. Mwaka 2001 ilikuwa imeingia Kenya. Mwaka 2003 ikaonekana Ethiopia, mwaka 2006 Yemen na Sudan, na mwaka 2007 ikafika Iran. Upepo hausimamishwi mpakani ukaulizwa pasipoti.

Hapo ndipo mataifa yalipozinduka. Mwaka 2005 wataalamu walikutana jijini Nairobi, na aliyekuwa mstari wa mbele kuipiga mbiu ya hatari ni Norman Borlaug, mzalishaji wa mbegu za ngano aliyetunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 1970. Mbiu hiyo ilisikika. Mwaka 2008 Wakfu wa Bill na Melinda Gates ulitoa dola milioni 26.8 kwa mradi wa kupambana na kutu ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani. Mwaka 2011 wakfu huo pamoja na serikali ya Uingereza wakaongeza dola milioni 40. Fedha hizo zilizifikia taasisi nyingi, na mojawapo ya kazi zilizosaidiwa ni kitalu kikubwa cha majaribio kule Njoro. Huko, maelfu kwa maelfu ya aina za ngano kutoka nchi zaidi ya 20 yamepandwa katikati ya ugonjwa wenyewe, misimu miwili kwa mwaka, ili ijulikane ipi itasimama na ipi itaanguka. Watafiti wa Kenya, miongoni mwao Ruth Wanyera, mtaalamu wa magonjwa ya mimea aliyeufuatilia ugonjwa huu tangu siku zake za mwanzo nchini, ndio waliopita mstari baada ya mstari wakikagua na kuandika.

Hapa Eldoret nako kazi ilifuata njia yake. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake mjini Vienna, likishirikiana na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lilianzisha mradi uliozihusisha nchi zaidi ya 18. Mbegu za ngano zilipigwa mionzi ya gama katika maabara zilizoko karibu na Vienna, kisha zikaletwa kupandwa huku ambako kutu ipo. Mtu asishtuke kusikia mionzi. Mbegu iliyotendewa hivyo haibaki na sumu wala haiwi hatari kwa mlaji. Mionzi huharakisha tu mabadiliko ya jeni ambayo maumbile yenyewe huyafanya polepole mno. Mabadiliko mengi huwa hayana faida, na mengine huidhuru mimea. Lakini katika maelfu ya miche, huenda mmoja au miwili ikapata badiliko la kuizuia kutu. Kazi ngumu ni kuutafuta mche huo mmoja, kuukuza, kuupanda tena na tena kwa vizazi kadhaa, na kuhakikisha kwamba unazaa vizuri na unga wake unafaa kuumuliwa.

Kikundi kilichoongozwa na Profesa Miriam Kinyua wa chuo hicho ndicho kilichoitenda kazi hiyo. Mtafiti huyu hakuwa mgeni wa njia hiyo, kwani mapema zaidi, akiwa Njoro, alishiriki kuizalisha kwa mionzi ngano iitwayo Njoro-BW1, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2001. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Eldoret kikaitambulisha kwa wakulima ngano inayoistahimili Ug99, nayo ikabatizwa Eldo Ngano 1. Jina la mji wetu likaandikwa juu ya gunia la mbegu. Nani asiyejivunia jambo hilo?

Hata hivyo, fahari isitufumbe macho. Ushindi katika vita hivi haudumu. Ngano iitwayo Robin, iliyotolewa nchini kama jibu la Ug99 na kupendwa na wakulima wengi, ilishindwa na aina nyingine za kutu za ukoo huo huo zilizogunduliwa mwaka 2014. Kuvu nayo hubadilika. Kila mara mwanadamu anapoweka kufuli jipya, kutu hukaa nje ya mlango ikichonga ufunguo. Kwa sababu hiyo utafiti wa magonjwa ya mimea haufanani na ujenzi wa daraja, ambalo likiisha kujengwa hufunguliwa kwa shangwe na wajenzi wakaenda zao. Unafanana zaidi na kazi ya mlinzi wa usiku. Mlinzi hawezi kuajiriwa kwa miezi mitatu kisha akaambiwa kwamba mradi wake umekwisha.

Hapa ndipo ilipo kasoro ambayo nataka tuitazame kwa makini. Fedha za wafadhili huja kwa miradi, na kila mradi una tarehe ya mwisho. Kutu haina tarehe ya mwisho. Tulilishuhudia jambo hilo mwaka 2025, pale Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miongo sita baada ya kuanzishwa kwake. Shirika hilo lilikuwa miongoni mwa wafadhili wa programu za kimataifa za kuboresha mahindi na ngano. Uamuzi ulipitishwa Washington, si Nairobi wala Eldoret, na hakuna mpiga kura wa Uasin Gishu aliyeulizwa. Simlaumu mwenye mali kwa kuitumia mali yake apendavyo. Najilaumu mimi na wewe, raia wa nchi huru, kwa kuujenga ulinzi wa chakula chetu juu ya mfuko ambao kamba yake imeshikwa na mwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Je, kuna namna nyingine ya kushirikiana? Ipo, na ngano yenyewe imetupa mfano. Jenomu ya ngano ni kubwa ajabu. Ya binadamu ina herufi za urithi zipatazo bilioni tatu, ilhali ya ngano ya mkate ina bilioni 16 hivi, kwa kuwa zao hili lilitokana na majani matatu ya mwituni yaliyochanganyika zamani za kale na kila moja likaleta kromosomu zake. Hakuna nchi moja iliyotaka kuubeba mzigo huo peke yake. Basi mwaka 2005 ukaundwa umoja wa kimataifa wa kuisoma jenomu hiyo, na kromosomu zikagawanywa kama vile wanakijiji wanavyogawana vipande vya shamba la ushirika. Ufaransa ilichukua kromosomu 3B, Japani 6B, India 2A, na hata Norwe, nchi ya theluji, ikachukua 7B. Kila nchi ilitafuta fedha za kulima kipande chake. Mwaka 2018 matokeo yakachapishwa, yakiwa kazi ya wanasayansi zaidi ya 200 kutoka taasisi 73 za nchi 20, nayo yakawekwa wazi kwa kila anayetaka kuyasoma. Kenya, ambayo kutu ilikuwa ikila ngano yake mchana kweupe, haikuwa na kromosomu yake hata moja.

Sisemi haya ili kuwadharau watafiti wetu. La hasha! Nasema kwamba katika ushirika wa aina hiyo, aliyechangia kipande ndiye aliyejifunza kukilima. Vijana wa nchi zile walipata shahada zao humo, maabara zao zikapata mashine, na vyuo vyao vikapata sauti. Sisi tuliyapokea matunda, lakini ufundi wa kulima haukubaki kwetu kwa kiasi kilichostahili.

Pamoja na hayo, naomba msomaji asidhani kwamba mkono wetu ni mtupu kabisa. Hilo ni kosa la upande wa pili, na huenda ni kubwa kuliko la kwanza. Hebu tufikirie. Zamani kuisoma jenomu kulikuwa ghali kupindukia. Ile ya binadamu, iliyokamilishwa mwaka 2003, iligharimu mabilioni ya dola, ilhali leo kuisoma jenomu ya mtu mmoja huweza kugharimu chini ya dola 1,000. Kipo hata kifaa cha kusomea DNA kinachotosha katika kiganja cha mkono. Majirani zetu wa Ethiopia wameshirikiana na Waingereza kukitumia kuitambua kutu ya manjano ya ngano kwa siku chache tu, badala ya kungoja majibu ya maabara za ng'ambo kwa miezi. Kwa hiyo kusoma kumekuwa rahisi. Kitu ambacho hakijawa rahisi, wala hakinunuliki katika duka lolote la Ulaya, ni shamba ambamo ugonjwa wenyewe unaishi, pamoja na jicho la mtaalamu anayeweza kuitofautisha miche elfu moja kwa kuitazama tu. Vitu hivyo viwili tunavyo Njoro na Eldoret.

Maadamu tunavyo, hatuna budi kuvihesabu kama mchango. Katika harambee zetu, mtu aliyeleta jogoo husomewa jina lake sawa na aliyeleta noti. Mbona basi katika harambee ya sayansi noti ya mgeni husomwa kwa sauti, na jogoo wetu akaenda jikoni bila ya kutajwa? Shamba, hatari tuliyoikubali ya kuishi na ugonjwa, jasho la vibarua na miaka ya uzoefu wa watafiti, vyote vina thamani. Viandikwe katika mkataba. Watafiti wetu washiriki kuyatunga maswali tangu mwanzo, wasiitwe tu wakati wa kupanda na kuvuna. Wanafunzi wetu wapate nafasi za kuzichambua takwimu hapa hapa, si kuzikusanya tu na kuzipeleka kwa wengine.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba wageni wataiba mbegu na siri zetu, na kwamba ni heri tufunge milango. Hoja hiyo naielewa, kwa kuwa Afrika imeibiwa mengi. Lakini katika suala la ngano haina mashiko. Ngano yenyewe si mwenyeji wa Uasin Gishu. Ilitoka Mashariki ya Kati. Jeni za kuizuia kutu zimepatikana katika mimea iliyo jamaa ya ngano ya pande hizo, na mnamo 2013 watafiti wa Marekani na Australia walitangaza kuzibainisha mbili kati yake, Sr35 na Sr33, zenye uwezo wa kuikabili Ug99. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine ulionyesha jambo la kustaajabisha zaidi. Ug99 ni chotara. Nusu ya urithi wake inafanana na ya kutu ya kale iliyowahi kuwapo kusini mwa Afrika na kufika Australia katika miaka ya 1950. Siri hiyo isingefichuka kama sampuli ya kutu hiyo ya kale isingehifadhiwa Australia kwa miongo mingi na kulinganishwa na ile ya Afrika. Basi mwenye kufunga mlango akidhani anaulinda utajiri wake, huenda anaufungia nje ufunguo wa tiba yake. Dawa ya wizi ni mkataba mzuri na wasomi wanaoweza kuusoma.

Wengine watauliza: nchi ambayo madarasa hayatoshi na walimu wanadai haki zao, itatoa wapi fedha za jeni za ngano? Nawaheshimu wanaouliza hivyo, lakini nawaomba watazame bei ya mkate na ya unga wa chapati. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni, na kila shamba linaloangamizwa na kutu huongeza deni hilo. Isitoshe, jambo ninalolipendekeza si geni wala si la anasa. Wakulima wa kahawa wa Kenya walikatwa sehemu ndogo ya mauzo yao kwa miaka mingi ili kugharimia utafiti kule Ruiru, na mwaka 1985 kituo hicho kikatoa kahawa iitwayo Ruiru 11, inayostahimili magonjwa mawili makubwa ya zao hilo. Wakulima wa majani chai nao waligharimia utafiti wao kule Kericho kwa njia kama hiyo. Huko Australia, wakulima wa nafaka hukatwa takriban asilimia moja ya mauzo, na serikali ikaongezea fungu lake. Yaliyowezekana kwa kahawa na chai yanashindikanaje kwa ngano na mahindi?

Sheria nazo tunazo tayari. Mwaka 2007 viongozi wa Umoja wa Afrika walihimizana kila nchi itenge angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Bunge letu likapiga hatua zaidi. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliunda Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kutaja asilimia mbili ya pato la taifa. Hatujafika huko, wala hatujakaribia. Ahadi imeandikwa kwa wino mzuri, ikatiwa sahihi, ikawekwa kabatini.

Sina ndoto kwamba asilimia hizo zitatimizwa mwaka ujao. Pendekezo langu ni dogo na linaloweza kutekelezwa. Kwanza, serikali itenge fungu la kudumu, hata likiwa dogo, kwa vitalu vya kupimia magonjwa ya mimea, ili kitalu kisikose maji, mbolea wala vibarua eti kwa kuwa mfadhili amebadilisha mawazo. Pili, kaunti zinazolima nafaka, kama vile Uasin Gishu, Trans Nzoia, Nandi na Nakuru, zichange na vyuo vikuu vilivyo karibu nazo, kwa kuwa ni mashamba yao yanayolindwa. Tatu, kila mradi wa kimataifa utakaotia sahihi nchini utaje kazi ipi itabaki mikononi mwa Wakenya siku mfadhili atakapofungasha virago.

Kuna faida nyingine ya kuchangia, nayo ni haki ya kuchagua swali. Mwenye kulipa mpiga zumari ndiye huchagua wimbo. Ngano huvutia fedha nyingi za kimataifa kwa sababu huliwa ulimwenguni kote. Lakini nani atakayelipia jenomu ya mboga na nafaka tunazokula sisi zaidi ya wengine? Juhudi zipo. Tangu mwaka 2011 upo muungano wa kusoma jenomu za mimea 101 ya Afrika iliyosahauliwa, ikiwamo mchicha na mbuyu, na mwaka 2013 muungano huo ukaanza kuwafunza wazalishaji wa mbegu wa Kiafrika jijini Nairobi. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Hata hivyo orodha ya mahitaji yetu, kuanzia wimbi la Bonde la Kerio hadi saga na managu ya sokoni, inafaa itungwe nasi na iwe na shilingi zetu ndani yake.

Nawageukia sasa walimu wenzangu wa fikra, hasa mnaofundisha Biolojia na Kilimo. Tumezoea kufundisha urithi kwa njegere za Mendel, mtawa wa Ulaya wa karne ya 19. Njegere ni nzuri na Mendel anastahili heshima. Lakini mwanafunzi wa Moiben au Ziwa, ambaye hupita kando ya shamba la ngano kila asubuhi, ana haki ya kuelezwa kwamba vita vikubwa vya urithi vya zama zake vinapiganwa pale pale. Mwambieni habari za Kalengyere na Njoro. Mwambieni kwamba Eldo Ngano 1 ilizalishwa na watu wanaopanda matatu zile zile anazopanda yeye. Wapelekeni vijana kwenye maonyesho ya kilimo, wakaulize maswali magumu: nani analipia mradi huu, na akiacha kulipa, nani ataendelea?

Nawe mwanafunzi, usidhani kwamba sayansi ya jenomu ni ya watu wa mbali. Herufi zilizosomwa zimewekwa wazi, na anayetaka kuzichambua anahitaji tarakilishi, hisabati na subira. Zinazohitajika zaidi ni akili zilizokulia karibu na shamba, zinazojua mvua ya mwezi wa nne inavyoanguka katika uwanda huu na kutu inavyoanza kwa kipele kimoja kisichoonekana na mpita njia.

Kutu mpya inaweza kuzuka msimu wowote. Siku hiyo ikifika, mataifa yatakutana tena, na pengine yatakutana Nairobi kama mwaka 2005. Mgeni wa heshima katika kikao cha namna hiyo ni yule anayeingia akiwa na mchango wake, naye huulizwa maoni yake kabla ya hesabu kufungwa. Mkono wetu una shamba, una ujuzi na una vijana. Tuutie na shilingi zetu wenyewe, hata ziwe chache, kisha tuunyoshe mezani bila ya kuona haya.